Mhina wa Uwani: Mmea, Rangi na Historia ya Pwani ya Waswahili

Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake, yapata mwaka 1858, alikuwa mgonjwa, na alikuwa mjane wa Bwana Mataka wa Siyu aliyefariki mwaka 1856. Mbele yake alikuwapo binti, Mwana Hashima, ambaye punde angebaki bila mama. Wosia aliomwachia umesomwa kwa macho mengi. Wako walioupokea kama kioo cha adabu za kiungwana, na wako walioupinga kwa sababu ya yale usemayo kuhusu utii wa mke kwa mume. Mjadala huo umefunika sehemu moja fupi ya utendi ambayo kwa mwanahistoria ina thamani ya hati. Ni ile ambamo mama anamfundisha mwanawe namna ya kuutunza mwili: pete zisiondoke vidoleni, wanja usiachwe machoni wala nyusini, na kutia hina kuchani kusikome.

Sharti hilo la kutokoma linastahili kuzingatiwa. Hina iliyotiwa kwenye ngozi hufifia baada ya wiki moja hadi tatu. Iliyotiwa kwenye ukucha haifutiki, bali husukumwa mbele na ukucha unaokua, ikaacha mwezi mweupe nyuma yake. Mwanamke ambaye hina yake haikomi ni mwanamke anayeirudia mara kwa mara, na anayeirudia mara kwa mara lazima awe na majani karibu. Kwa hiyo nyuma ya agizo la Mwana Kupona upo mti, na pengine hatua chache tu kutoka mahali alipokuwa amelala. Waandishi wa historia ya pwani wamesema mengi kuhusu mikarafuu na minazi, na machache sana kuhusu mti huo.

Mhina ni kichaka au mti mdogo unaofikia urefu wa mita 2 hadi 6. Majani yake ni madogo, laini, na hukaa mawili mawili yakikabiliana kwenye kitawi. Maua yake hutoka kwa vishada. Kila ua lina petali nne, nyeupe au za rangi ya maziwa, na mara nyingine zenye wekundu kidogo. Harufu yake ni nzito kuliko umbo lake, na jioni huenea ua mzima. Baada ya maua hufuata vitunda vya mviringo visivyozidi ukubwa wa punje ya njegere, vyenye mbegu nyingi ndogo. Mwaka 1753 Linnaeus aliupa mmea huu jina la Lawsonia inermis, kwa heshima ya rafiki yake, daktari Isaac Lawson wa Uskoti. Neno la pili lina maana ya kutokuwa na silaha, yaani kutokuwa na miiba. Katika kitabu hichohicho Linnaeus aliandika pia jina la mmea wa pili, Lawsonia spinosa, wenye miiba. Baadaye ilibainika kwamba mimea hiyo miwili ni mmoja: mhina mchanga hauna miiba, na matawi yake yakizeeka hugeuka kuwa na ncha kali. Bibi yeyote wa Lamu aliyewahi kuchuma majani ya mhina mkongwe angeweza kumwondolea mtaalamu huyo shaka.

Kuhusu asili ya mmea, mazoea yamekuwa kusema kwamba hina ililetwa pwani na Waarabu. Kauli hiyo inachanganya mambo matatu ambayo historia yake si moja: jina, desturi na mti wenyewe. Jina halina utata. Hina ni neno la Kiarabu, hinnaa, na Kiswahili kimelipokea na kulitia katika ngeli zake, likazaa mhina na mihina kwa mti, na hina bila kiambishi kwa unga na rangi. Desturi nayo ni ya bahari nzima ya Hindi. Mwanamke wa Muscat, wa Hadhramaut, wa Gujarat na wa Mombasa waliipokezana kwa karne nyingi, na si rahisi kusema nani alianza. Mti, hata hivyo, hauhitaji kusafirishwa kwa jahazi ili ufike Afrika Mashariki. Huota wenyewe katika nchi kavu, hasa kandokando ya mito ya msimu, na katika kaskazini na mashariki mwa Kenya Wasomali na Waborana wanaujua kwa jina lao, elan. Wataalamu wa mimea huhesabu pembe ya kaskazini-mashariki ya Afrika kuwa sehemu ya eneo lake la asili, pamoja na Uarabuni na nchi zinazofuata hadi magharibi ya Bara Hindi. Basi yamkini mihina ya uwani katika miji ya pwani ilitoka pande mbili, mingine kwa mbegu zilizovuka bahari na mingine kutoka bara iliyo nyuma ya miji hiyohiyo. Neno la kigeni si ushahidi kwamba kitu ni kigeni. Kosa la kudhani hivyo limefanywa mara nyingi katika masomo ya Kiswahili, na si kwa mimea pekee.

Ukongwe wa matumizi ya hina nje ya pwani unajulikana vizuri. Wagiriki waliuita mmea huu kipros, na Dioscorides, tabibu wa karne ya kwanza, alisifu ule wa Ascalon na wa Canopus. Wimbo Ulio Bora katika Biblia unataja kishada cha maua yake pamoja na mashamba ya mizabibu ya Engedi. Katika mifano hiyo kinachosifiwa ni harufu kama vile rangi. Pwani ya Waswahili, kwa upande wa harufu, iliuchagua mmea mwingine: ni asumini inayotungwa vikuba na makoja, ikavaliwa kifuani na nyweleni, wakati maua ya mhina kwa kawaida huachwa yakaanguka chini ya mti. Mhina ulithaminiwa kwa majani.

Kilimo chake hakina ugumu kwa anayekaa katika joto. Mbegu zina ganda gumu, na hulowekwa siku kadhaa huku maji yakibadilishwa kabla ya kumwagwa kitaluni. Njia iliyo nyepesi zaidi, na ndiyo iliyofaa nyumbani, ni kukata kijiti na kukichomeka ardhini mwanzoni mwa mvua. Mhina huvumilia ukame, udongo wa mchanga na mawe, lakini hauvumilii baridi. Mvua nyingi huupa majani mengi yenye rangi hafifu. Jua kali na ukavu huupa majani machache yenye rangi kali. Huanza kuvunwa vizuri kuanzia mwaka wa pili au wa tatu, kwa kawaida mara mbili kwa mwaka, na ukikatwa huchipua upya kwa miaka mingi. Majani hukaushwa kivulini, kwa kuwa jua huyafubaza. Huko Rajasthan, India, katika eneo la Sojat, hayo yote hufanywa katika mashamba makubwa yanayotegemea mvua, na hina ya huko ilisajiliwa mwaka 2021 kama bidhaa inayolindwa kisheria kwa jina la mahali inapotoka.

Pwani ya Afrika Mashariki haikujenga mashamba ya namna hiyo. Mhina ulikuwa mti wa uwani: mmoja au miwili karibu na kisima, au safu fupi iliyogeuzwa ua wa kuzuia mbuzi na macho ya wapita njia. Uliotesha, kuchuma na kugawa majani ulikuwa mikononi mwa wanawake, na jirani asiye na mti alikwenda kuomba kwa jirani aliye nao. Mpango huo una maana kubwa kwa mwanahistoria. Dola zilizotawala pwani zilihesabu kilichotozwa ushuru. Tunajua kwamba kimbunga cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja. Tunajua kwamba mkonge uliletwa Tanga mwaka 1893. Hakuna aliyehesabu mihina. Mmea ambao haukufika forodhani haukuingia daftarini, na kilichobaki kinapaswa kutafutwa kwingine: katika tungo, katika kamusi, katika fiqhi na katika kumbukumbu za wanawake.

Moja ya kumbukumbu hizo ni ya Salme binti Said, binti wa Sayyid Said, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na kuondoka mwaka 1866. Kitabu chake kilichochapishwa Berlin mwaka 1886, kwa Kijerumani na kwa jina la Emily Ruete, kinaeleza matayarisho ya sikukuu katika majumba ya kifalme. Humo wamo wanawake waliotiwa hina mikono na miguu, ikafungwa, nao wakalala bila kujitikisa usiku kucha ili rangi isiharibike. Maelezo hayo yana mzaha kidogo, kama wa mtu anayewasimulia wageni mambo ya kwao, lakini yana ukweli wa kitaalamu. Rangi ya hina inahitaji muda, na muda ndio unaotenganisha matajiri na maskini. Asiyeweza kutumia mikono yake kwa usiku mzima lazima awe na wa kumtumikia.

Sababu ya muda huo imo ndani ya jani. Jani bichi la mhina halina rangi nyekundu hata kidogo. Lina chembechembe ambazo, jani likisagwa na kuchanganywa na kitu chenye ukali kama maji ya ndimu, huachia kemikali iitwayo losoni, iliyotambuliwa na wanakemia mwaka 1920. Losoni hushikamana na keratini, yaani protini inayounda ukucha, unywele na tabaka la juu la ngozi. Ndiyo maana kiganja na wayo, ambavyo ngozi yake ni nene, hukolea sana, na mgongo wa mkono hukolea kidogo. Hina ikibanduliwa huonyesha rangi ya chungwa. Siku moja au mbili baadaye, kwa kupata hewa, hugeuka kuwa nyekundu iliyoiva au ya kahawia. Wanawake waliotwanga majani kwa kinu na mchi, wakakamulia ndimu na kuuacha mchanganyiko ukae kabla ya kuupaka, walikuwa wakifuata hatua hizohizo bila kuwa na jina la losoni.

Sifa hiyo ya kushikamana ndiyo iliyoipa hina nafasi yake katika dini. Rangi ya hina haina mwili. Haiweki utando juu ya ukucha, na kwa hiyo haizuii maji ya udhu, tofauti na rangi za kucha za dukani. Fiqhi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, inamruhusu mwanamume kutia hina ndevu zenye mvi na kumkataza kuipaka mikononi na miguuni isipokuwa kwa dawa. Kwa mwanamke aliyeolewa ni pambo linalopendeza. Kwa mjane aliye katika eda ya miezi minne na siku kumi ni katazo, pamoja na manukato na wanja. Hivyo mkono wa mwanamke ulikuwa taarifa iliyosomeka mtaani kote. Mkono uliokolea ulisema harusi au Idi. Mkono ulioachwa ukafifia hadi ukawa mweupe ulisema msiba. Mwana Kupona, tukumbuke, aliandika akiwa mjane, na alilokuwa akimfundisha binti kuhusu kucha ni jambo ambalo yeye mwenyewe alikuwa amelazimika kuliacha kwa kipindi cha eda.

Harusi ndiyo iliyokuwa kilele. Bibi harusi alisuguliwa singo na liwa, akafundishwa na somo au kungwi wake, kisha akatiwa hina siku moja au mbili kabla ya kutolewa. Usiku wa hina ulikuwa mkutano wa wanawake wenye nyimbo zake, na mafundisho yaliyotolewa humo hayakusemwa mbele ya wanaume. Ni makosa kuuona kama pambo la sherehe tu. Ulikuwa mahali ambapo elimu ya wanawake ilipitishwa kutoka kizazi hadi kizazi, na muda mrefu wa kusubiri hina ishike ndio uliowapa nafasi ya kusema.

Mikono iliyotwanga majani hayo haikuwa daima mikono iliyopakwa. Katika nyumba za waungwana kazi ya kinu ilikuwa ya wajakazi, na mapambo ya mwili yalikuwa mojawapo ya alama zilizomtenga mwungwana na mtumwa. Utumwa ulipoondolewa kisheria, Unguja mwaka 1897, pwani ya Kenya mwaka 1907 na Tanganyika mwaka 1922, alama hizo zilianza kugombaniwa. Utafiti wa Laura Fair kuhusu Unguja, uliotoka mwaka 2001, umeonyesha jinsi wanawake waliotoka utumwani walivyotumia mavazi, hasa kanga na baadaye buibui, kudai heshima ya watu huru. Hina inafaa kusomwa ndani ya mkondo huo. Haikuhitaji fedha nyingi kama hariri. Ilihitaji kijiti cha kuchomeka na usiku wa kupumzika. Na kwa mtu ambaye jana usiku wake ulikuwa mali ya mwingine, usiku wa kupumzika haukuwa kitu kidogo.

Mabadiliko yaliyofuata yameacha alama katika lugha. Vitenzi vya zamani vya hina ni kutia na kupaka. Vinalingana na mtindo wa kukoza kiganja, wayo na ncha za vidole kwa rangi nzima isiyo na picha. Siku hizi kitenzi kinachosikika zaidi mijini ni kuchora, na anayefanya kazi hiyo huitwa mchoraji. Mtu hawezi kuchora vizuri kwa majani yaliyotwangwa kinuni, kwa kuwa nyuzi na chengachenga huziba ncha. Kuchora kunataka unga uliochekechwa, na unga huo umezoeleka kununuliwa ukiwa tayari ndani ya paketi, mara nyingi kutoka India. Maua na mizabibu inayopanda kutoka kidoleni hadi kiwikoni ina udugu na michoro ya India na ya nchi za Ghuba. Hakuna ubaya katika kuiga; bahari hii imeishi kwa kuigana. Lakini tangu paketi ilipoingia dukani, mti wa uwani umepoteza kazi, na uwani wenyewe, katika miji iliyobanana, umegeuka kuwa chumba cha kupangisha.

Pamoja na unga ilikuja piko. Piko ni rangi nyeusi ya nywele inayochanganywa na kuchorwa kwenye ngozi, mara nyingi kama mstari wa nje unaozunguka hina nyekundu. Hukauka upesi, hukolea mara moja, na weusi wake huonekana vizuri hata kwenye ngozi nyeusi ambako wekundu wa hina hufifia. Sababu hizo zinatosha kueleza kwa nini ilipendwa. Katika fukwe za watalii huuzwa kwa jina la hina nyeusi, ingawa huenda isiwe na hata jani moja la mhina. Kiini chake ni parafenilinidiamini, kemikali iliyoanza kutumika katika rangi za nywele Ulaya mwishoni mwa karne ya kumi na tisa. Kwenye ngozi inaweza kuleta malengelenge na makovu yanayofuata mistari ya mchoro. Zaidi ya hayo, mwili uliokwisha kuikataa mara moja huendelea kuikataa maisha yote, hata katika rangi ya kawaida ya nywele. Sheria za Umoja wa Ulaya zinaruhusu kiwango kisichozidi asilimia 2 katika rangi za nywele na haziruhusu ipakwe moja kwa moja kwenye ngozi. Ikimezwa ni sumu kali. Mwaka 1983 madaktari wa Khartoum waliandika kuhusu wagonjwa waliodhurika na kemikali hiyo iliyokuwa ikichanganywa na hina.

Inafaa pia kusema, kwa haki, kwamba hina ya asili nayo ina mpaka wake. Watoto wenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, ambao ni wa kurithi na umeenea katika nchi zenye historia ndefu ya malaria, pwani ya Afrika Mashariki ikiwamo, wanaweza kupasukiwa na chembe nyekundu za damu baada ya kupakwa hina mwilini. Madaktari wameripoti visa hivyo tangu miaka ya 1990. Desturi ya kumpaka mtoto mchanga hina, popote inapofuatwa, haifai kutetewa kwa hoja ya ukongwe wake.

Kwa upande wa bibi harusi, suala si afya peke yake. Piko hukauka kwa dakika chache. Mchoraji wa kulipwa humaliza kazi na kwenda kwa mteja mwingine. Hakuna usiku wa kulala mikono ikiwa imefungwa, na hakuna sababu ya makungwi kukaa hadi alfajiri. Mama wa siku hizi anayelalamika kwamba mabinti hawafundwi tena huenda hajatambua kwamba kiti cha mwalimu kiliondolewa pamoja na kinu.

Desemba 2024 UNESCO iliingiza hina, pamoja na taratibu na matumizi yake ya kijamii, katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika. Maombi yaliwasilishwa na nchi 16 za Kiarabu, zikiwamo Oman, Yemen, Sudan na Misri. Kenya, Tanzania, Somalia na Komoro hazimo. Matokeo yake ni kwamba mwanamke wa Muscat ambaye nyumbani kwake bado huzungumzwa Kiswahili yumo katika urithi huo kwa uraia wake, na binamu yake wa Unguja, anayetiwa hina kwa majani ya mti uleule na kwa nyimbo zilezile, hayumo. Kanuni za UNESCO zinaruhusu nchi nyingine kujiunga baadaye na jambo lililokwisha kuorodheshwa. Zinadai kwanza kwamba kila nchi iwe imelisajili jambo hilo katika orodha yake yenyewe, kwa maelezo yaliyokusanywa kwa watu wanaolitenda. Wengi wa wanawake wa pwani waliotwanga majani kabla ya paketi kuenea sasa ni wazee sana.